Amana ya Kusimamia Polisi: Wajibu wa Kamishna Anayechaguliwa na Wananchi

(Matini ya hotuba iliyotolewa mbele ya Waislamu wazungumzao Kiswahili waishio Uingereza)



Viongozi wa msikiti wameniomba nizungumze juu ya wajibu wa yule mtu anayechaguliwa kwa kura kusimamia polisi wa eneo letu. Nilipopewa mada hii nilisita sana. Sababu ya kwanza ni kwamba mimi si mwanasheria. Sababu ya pili, ambayo ni nzito zaidi, ni kwamba katika jambo hili mimi mwenyewe nilikosea mbele ya wengi wenu, na haiwezekani kulieleza sawasawa bila ya kulikumbusha kosa lile. Nitalikumbusha inapofika zamu yake.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kwetu Afrika ya Mashariki mtu akisikia neno kamishna wa polisi humfikiria afisa mwenye nyota mabegani na fimbo kwapani. Huyu ninayemzungumzia leo siye huyo. Kamishna wa Polisi na Uhalifu katika Uingereza na Wales ni raia wa kawaida, havai sare, hana uwezo wa kumkamata mtu zaidi ya ule alionao kila mwananchi, na wala hana ofisi katika kituo cha polisi kwa sababu ya cheo cha kipolisi. Mkuu wa polisi wa eneo ni mtu mwingine kabisa, naye kwa kichekesho huitwa Konstebo Mkuu, ilhali kwetu konstebo ndiye wa chini kabisa anayesimama barabarani akipigwa na jua. Basi katika hotuba hii nikisema kamishna ninamaanisha yule aliyechaguliwa, na nikisema mkuu wa polisi ninamaanisha yule mwenye sare.

Cheo hiki si cha zamani. Kabla ya mwaka 2012 kila jeshi la polisi lilisimamiwa na kamati, kwa kawaida ya watu 17, madiwani wakichanganyika na wajumbe huru. Wananchi wengi hawakujua hata kama kamati hizo zipo. Ndipo Bunge likapitisha sheria mwaka 2011, na tarehe 15 Novemba 2012 ukafanyika uchaguzi wa kwanza katika maeneo 41. London haikuwemo, kwani huko Meya ndiye anayebeba kazi hiyo, na mji wa kale wa kibiashara uliomo ndani yake una utaratibu wake mwenyewe. Scotland haikuwemo pia, wala Ireland ya Kaskazini.

Uchaguzi ule wa kwanza ulikuwa aibu. Waliojitokeza hawakuzidi sana asilimia 15. Katika mji wa Newport huko Wales kilikuwepo kituo kimoja cha kupigia kura ambacho hakuingia mpiga kura hata mmoja tangu asubuhi hadi usiku. Fikirini: maofisa wamekaa mezani, karatasi zimepangwa, kalamu zimefungwa kwa kamba, sanduku liko wazi, na siku nzima mlango haukufunguliwa na mtu. Nasi tusiwacheke watu wa Newport. Siku ile mimi nilikuwa nyumbani, na kituo chetu kilikuwa mwendo wa dakika nne kutoka mlangoni pangu.

Hapa ninapenda kusema jambo ambalo wengi wetu hatulijui, nalo ni la haki yetu. Mtu kutoka Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda anayeishi hapa kwa kibali halali anaruhusiwa kuandikishwa na kupiga kura katika uchaguzi huu hata kama hajapata uraia wa Uingereza, kwa kuwa nchi hizo ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Ndugu zetu wa Burundi na Congo hawamo katika fungu hilo, na kwao jambo linasubiri uraia. Lakini nimehesabu katika safu za msikiti huu, na ninaona kwamba wengi wetu tumekuwa na haki hiyo tangu siku ya kwanza tuliposhuka uwanja wa ndege, tukawa tunasema: hayo ni mambo yao.

Sasa, ni mambo gani hasa aliyokabidhiwa mtu huyu?

Sheria imempa jukumu la kuhakikisha kwamba eneo lake lina jeshi la polisi lenye kutosheleza na kufanya kazi kwa ufanisi. Yeye ndiye anayemteua mkuu wa polisi, na ndiye anayeweza kumsimamisha au kumtaka ajiuzulu. Yeye huandika Mpango wa Polisi na Uhalifu, yaani hati inayoeleza mambo gani yapewe uzito katika muda wake: wizi wa majumbani, kupigwa kwa wanawake, mwendo wa kasi barabarani, visu mikononi mwa vijana, au mengineyo. Yeye hupanga bajeti. Kila mwaka ile karatasi ya kodi ya halmashauri inapoingia majumbani mwetu, tazameni vizuri: mnakatwa fungu la halmashauri, na pembeni yake mna fungu la polisi. Fungu hilo la pili hupangwa na kamishna. Basi yule asemaye kwamba kamishna hamhusu, na asome karatasi yake ya kodi.

Aidha yeye hutoa fedha kwa huduma za kuwasaidia waliodhulumiwa na wahalifu. Kabla ya kupanga mpango wake analazimika kuwauliza wananchi wa eneo na wale waliofikwa na uhalifu. Na tangu Februari 2020, mtu aliyelalamika juu ya polisi na asiridhike na namna lalamiko lake lilivyoshughulikiwa, anaweza katika mambo yasiyo makubwa sana kuomba ofisi ya kamishna ilipitie upya, ila aombe ndani ya siku 28. Mambo makubwa, kama mtu kufa mikononi mwa polisi, yana chombo chake huru cha taifa.

Naye kamishna anasimamiwa na nani? Lipo Jopo la Polisi na Uhalifu lenye madiwani wa eneo na wajumbe huru. Jopo hilo humhoji hadharani, na kwa theluthi mbili ya kura zake laweza kukataa kiwango cha kodi alichokipendekeza au mtu aliyemteua kuwa mkuu wa polisi. Lakini kumfukuza yeye mwenyewe kwa sababu ya kazi mbaya, jopo halina uwezo huo. Nitarudi hapo, kwa sababu pengo hilo liliwahi kuwaumiza watu.

Zaidi ya hayo yote, mtu akichaguliwa hutia sahihi tamko la hadhara kabla hajaanza kazi. Anaahidi kuwatumikia watu wote wa eneo, si waliomchagua peke yao. Anaahidi kuifanya kazi kwa uadilifu, kuwa sauti ya wananchi na hasa ya waliodhulumiwa. Na mwishoni anaahidi kutoingilia uhuru wa maafisa wa polisi katika utendaji wao. Sisi tumefundishwa tangu chuoni kwamba uongozi ni amana, na kwamba amana hupelekwa kwa wenyewe. Tamko lile, kwa mtazamo wangu, ni mkataba wa amana uliosomwa kwa sauti. Lakini neno lake la mwisho, lile la kutoingilia, ndilo lililotushinda sisi kulielewa. Na hapa ndipo inapofika zamu ya kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa jumuiya yetu alikamatwa usiku karibu na kituo cha mabasi. Hampaswi kutajiwa jina lake. Polisi walisema anafanana na mtu aliyehusika katika ugomvi wa visu. Mama yake alinipigia simu kabla ya alfajiri. Siku ya pili baada ya Adhuhuri tulikaa hapa, wazee saba, tukakubaliana kwamba twende kwa kamishna. Tulisema: huyu amechaguliwa, anahitaji kura, nasi tuna watu, tumwombe aseme neno moja kwa mkuu wa polisi, kijana aachiwe. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa msemaji, na sikuchaguliwa kwa bahati mbaya, kwani nilijipendekeza.

Kamishna alitupokea vizuri. Tulipewa chai. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hawezi. Nikadhani anataka tumbembeleze, kama ilivyo desturi yetu, nikaongeza maneno. Akasema tena, kwa upole lakini bila ya kuyumba, kwamba hana ruhusa ya kumwambia afisa yeyote amkamate nani, amwachie nani, amchunguze nani au aache kumchunguza nani. Akatueleza kwamba kijana ana haki ya wakili bila malipo akiwa kituoni, kwamba uamuzi wa kumshtaki katika jambo kama lile uko kwa waendesha mashtaka na si kwa polisi, na kwamba kama tunaona alisimamishwa au kukamatwa kwa ubaguzi, njia ya lalamiko iko wazi na mwisho wa njia hiyo ofisi yake inaweza kuhusika. Tukatoka. Kwenye ngazi mzee mmoja wetu alisema kwa hasira: huyu ni kamishna wa nini, kama hana amri hata juu ya mlango wa selo?

Swali lile lilinikaa moyoni muda mrefu, kwa sababu mimi pia nililiuliza. Na ninakiri kwamba nilirudi msikitini nikawaambieni kwamba mtu yule hana faida. Maneno hayo niliyasema hapa hapa niliposimama.

Kijana aliachiwa kwa dhamana, akabaki katika dhamana hiyo miezi mitano, kisha akaambiwa hakuna ushahidi wa kutosha na jambo limefungwa. Miezi mitano kwa kijana wa miaka 19 si kitu kidogo. Alipoteza kazi ya muda aliyokuwa nayo. Na mama yake hakutusamehe. Aliniambia: mngesukuma zaidi, angetoka.

Kisha ukaja mwaka 2024. Mnakumbuka majira yale ya joto. Tarehe 29 Julai watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu huko Southport, msiba ambao hakuna moyo usioumia kwa ajili yake. Uongo ukaenezwa kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia nchini kwa boti. Siku iliyofuata umati ukaushambulia msikiti wa mji ule kwa mawe na matofali, na ghasia zikaenea katika miji mingine siku baada ya siku. Hapa kwetu hatukupigwa mawe, alhamdulillahi, lakini kina mama waliacha kuja kwa wiki mbili na madrasa ikafungwa.

Baada ya hali kutulia kamishna aliitisha mkutano wa wazi katika ukumbi wa mji, nami nikaenda. Wakasimama watu, na si wahuni, bali wenyeji waliovaa vizuri na kuzungumza kwa adabu, wakamtaka awaamuru polisi wafanye upekuzi katika misikiti na madrasa za eneo hili. Mmoja akasema: tumekuchagua sisi, nasi ndio wengi. Nilihisi jasho mgongoni. Na kamishna akajibu, ndugu zangu, kwa maneno yaleyale. Alisema hana ruhusa ya kumwambia afisa yeyote ampekue nani au amchunguze nani. Sauti ilikuwa ileile na upole uleule. Mtu wa mbele yangu aligeuka akamwambia jirani yake: huyu ni kamishna wa nini?

Nilirudi nyumbani kwa miguu usiku ule ingawa basi lilikuwepo.

Ukuta ule tulioupiga kichwa sisi wazee saba ndio uliowazuia wale. Hauwezi kuwa na mlango mdogo wa kupitia watu wema peke yao, maana kila anayeuendea hujiona yeye ndiye mtu mwema. Kama kamishna yule angekuwa na mkono wa kumtoa kijana wetu selo, angekuwa pia na mkono wa kuwatuma polisi waingie na viatu mahali hapa tunaposujudu. Sisi tuliotoka katika nchi ambazo wakati mwingine simu moja kutoka kwa mkubwa humtoa mtu mahabusu na simu nyingine humwingiza, tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Badala yake tulikuja na desturi ya simu.

Lakini isidhaniwe kwamba kutoingilia maana yake ni kunyamaza. Baadhi ya makamishna wamejificha nyuma ya neno hilo, na hilo nalo ni khiyana. Kamishna hawezi kuuliza kwa nini fulani alikamatwa, ila anaweza na anapaswa kuuliza kwa nini watu weusi katika eneo lake wanasimamishwa na kupekuliwa barabarani kwa kiwango kilichozidi mara kadhaa kile cha wazungu, jambo ambalo takwimu za serikali yenyewe zimelionyesha mwaka baada ya mwaka. Hawezi kumwambia mkuu wa polisi nyumba gani ilindwe usiku wa leo, ila anaweza kumuuliza hadharani kwa nini simu za watu wa mtaa fulani huchukua saa nyingi kujibiwa. Hayo ni maswali ya mwenendo, na ndiyo kazi yake. Asipoyauliza, amekula mshahara wa bure.

Mfano ulio mchungu kuliko yote unatoka South Yorkshire. Mwezi Agosti 2014 ilitolewa ripoti ya Profesa Alexis Jay juu ya mji wa Rotherham. Ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walidhulumiwa kimwili na kuingiliwa na wanaume kati ya mwaka 1997 na 2013, na kwamba halmashauri na polisi walionywa tena na tena wakayapuuza. Kamishna wa eneo hilo wakati huo alikuwa Shaun Wright, ambaye kabla ya hapo, tangu 2005 hadi 2010, alikuwa diwani mwenye dhamana ya huduma za watoto katika mji huohuo. Akaambiwa ajiuzulu na viongozi wa serikali, na chama chake mwenyewe, na wananchi. Akakataa. Hapo ndipo likaonekana lile pengo nililolitaja: hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumwondoa. Hakuondoka ila tarehe 16 Septemba, kwa hiari yake, baada ya wiki tatu za fedheha. Mwenye amana akishikilia ufunguo baada ya watu kumwambia aurudishe, hata siku moja ni nyingi.

Ripoti hiyo ina jambo jingine ambalo haifai mtu kulizungumza kila mahali isipokuwa msikitini. Waathirika waliwaeleza wengi wa wahalifu kuwa ni Waasia. Na ripoti ikalalamika kwamba katika muda wote ule madiwani hawakukaa moja kwa moja na jamii ya wenye asili ya Pakistani kulizungumza jambo hilo. Wengine wamelitumia jambo hili kuwatukana Waislamu wote, na huo ni uonevu. Lakini uonevu wao hautuondolei sisi wajibu wa kusema kwamba watoto wale walikuwa na haki juu yetu sote, Waislamu na wasio Waislamu. Kamishna akija msikitini kwa ajili ya kupiga picha na kula biriani, akaondoka bila ya kuuliza swali gumu, ametudharau. Na tukimkaribisha kwa sharti la kwamba asiulize, tumejidharau wenyewe.

Baada ya Wright alichaguliwa Alan Billings, kasisi wa Kanisa la Anglikana. Naye akaangukia upande wa pili. Tarehe 26 Aprili 2016 baraza la uchunguzi wa vifo lilitoa hukumu juu ya msiba wa uwanja wa mpira wa Hillsborough wa mwaka 1989, ambao waliokufa kwa sababu yake leo wanahesabiwa kuwa 97. Baraza liliamua kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na makosa ya polisi yakadhihirika mbele ya taifa. Hasira ya wananchi ilikuwa kubwa na ilikuwa ya haki. Siku iliyofuata kamishna akamsimamisha mkuu wa polisi, David Crompton, ambaye mwaka ule wa 1989 hakuwa mkuu wa jeshi lile, kwa sababu ya namna alivyotetea mwenendo wa jeshi lake katika uchunguzi na maneno aliyoyatoa baada ya hukumu. Mkaguzi mkuu wa polisi alimshauri kamishna asimwondoe. Akashikilia. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kusimamishwa kule na kutakiwa kujiuzulu havikuwa halali.

Mimi sisemi kwamba kasisi yule alikuwa mtu mbaya. Aliendelea kuchaguliwa na kuitumikia ofisi hiyo mpaka mwaka 2024, na ninaona alitaka kusimama pamoja na waliofiwa. Ila kusimama pamoja na waliofiwa si ruhusa ya kumhukumu mtu kwa haraka. Wright aliambiwa na umma na hakusikia. Billings aliusikia umma mno. Kati ya hao wawili ndimo mlimo kazi yenyewe, na ninyi mnaojua kupima dhahabu mnajua mizani nzuri haitulii kwa kusukumwa kidole.

Kuna wadhifa mwingine mdogo chini ya kamishna ambao ningependa vijana na kina mama waujue. Kamishna analazimika kisheria kuweka utaratibu wa watembeleaji huru wa mahabusu. Hawa ni wananchi wa kujitolea, hawalipwi mshahara, huenda wawili wawili katika vituo vya polisi bila ya kutoa taarifa, mchana au usiku, wakaingia selo na kuzungumza na waliofungwa: umepewa chakula, umepewa blanketi, umeambiwa haki zako, dawa yako umeipata? Kisha huandika ripoti. Dada mmoja wa msikiti huu amefanya kazi hiyo kwa miaka mitatu. Aliniambia kwamba mara ya kwanza alipoingia na hijabu yake, kijana wa Kisomali aliyekuwa amegeukia ukuta alifikiri ni mama yake, akaanza kulia. Dada huyu hana amri juu ya mlango wa selo. Lakini hakuna askari wa kituo kile anayejua atakuja lini. Sisi wazee saba tulitafuta neno moja la mkubwa, naye dada alikuwa tayari ameshapita mlangoni.

Sasa nifikie hali ya leo. Mwezi Novemba 2025 serikali ilitangaza kwamba cheo hiki kitafutwa muda wa makamishna waliopo utakapomalizika mwezi Mei 2028. Ilisema wananchi wachache tu wanamjua kamishna wao, na wachache hupiga kura. Kazi zake zitakwenda kwa mameya mahali walipo mameya wenye eneo linalolingana, kama ilivyokwishafanyika Greater Manchester tangu 2017, West Yorkshire tangu 2021, na South Yorkshire yenyewe tangu 2024. Kwingineko zitakwenda kwa mabaraza ya viongozi wa halmashauri. Kwa maneno mengine, sehemu nyingine zitarudi karibu na pale tulipokuwa kabla ya 2012, yaani kwenye kamati ambayo hakuna mtu anayeijua.

Baadhi yenu mmeniambia: basi kuna haja gani ya hotuba hii, ikiwa mtu mwenyewe anaondoka? Jibu langu ni kwamba cheo kinaondoka lakini kazi haiondoki. Atakayekuja, awe meya au diwani, atapanga kodi ileile, atamteua mkuu wa polisi yuleyule, na atazuiwa na ukuta uleule. Na kwa kweli nina hofu zaidi na diwani kuliko nilivyokuwa na hofu na kamishna. Diwani tunamjua kwa jina, anakuja katika harusi zetu, tunamwomba atusaidie juu ya nyumba na shule za watoto. Siku atakapopewa usimamizi wa polisi, desturi ya simu itaamka, na hatutakuwa na ngazi ya kuteremkia tukijiuliza ni wa nini.

Kwa hiyo ninapendekeza kwa kamati ya msikiti mambo ambayo yanawezekana kabla ya Mei 2028. Tuandike maoni yetu juu ya mpango wa sasa, na kina mama waandike yao wenyewe bila ya kupitia kwetu. Watu wawili au watatu waombe kuwa watembeleaji wa mahabusu, na dada niliyemtaja amekubali kuwaelekeza. Vijana waombe nafasi katika yale makundi ya wananchi yanayotazama picha za kamera za askari wakati wa upekuzi wa barabarani. Na katibu aandike barua kwa kamishna kumshukuru kwa jibu lake katika ukumbi wa mji. Barua hiyo nitaisahihi mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsengenya.

Mama wa kijana yule yupo hapa leo. Kabla ya kusimama nilimwomba ruhusa ya kuisimulia habari ya mwanawe, akanipa, lakini akaweka sharti moja: niwaambieni kwamba yeye bado hajakubaliana nami, na kwamba miezi ile mitano hakuna aliyeirudisha. Nimewaambia.